Kiganja Kwenye Utomvu Mbichi

Haya niliambiwa na Ngoan mwenyewe, mwaka ule alipovua magwanda ya polisi, tumekaa barazani kwangu tunachambua mchicha wa majini. Alisema, "Dada, kesi nyingi zimenitoka kichwani. Hii imekataa kutoka." Nami naiweka kama alivyoiweka yeye.

Ilikuwa Ijumaa, mwezi wa nne, jua bado halijawa kali. Ngoan aliegesha pikipiki mbele ya nyumba ya Thoa, akavua kofia yake, akaitundika kwenye usukani. Thoa alikuwa amesimama mlangoni anamngoja, kitambaa kichwani, vidole vyeusi mpaka kwenye kucha. Hakuna wa kushangaa vidole hivyo hapa Hạ Vân. Kijiji kizima tunaishi kwa kupaka utomvu wa mti wa sơn kwenye masinia, masanduku na madhabahu, na utomvu ukikauka mkononi hautoki kwa sabuni.

"Umechelewa, dada," Thoa alisema.

"Nimechelewa nini? Kuna maiti atatoroka?"

"Maiti hakuna. Kuna jasusi, na basi lake linaondoka saa nane mchana. Nataka uandike, upige muhuri. Mwanangu akirudi asiseme mama alimfukuza mke wangu kwa chuki."

Jasusi huyo, kwa maneno ya Thoa, alikuwa mke wa mwanawe. Jina lake Sương, msichana wa miaka ishirini na mbili kutoka Bình Phước, kusini kabisa, safari ya siku mbili kwa basi. Khải, mwana wa Thoa, alikwenda huko kufunga madhabahu kwenye hekalu moja, akarudi na habari za kuoa. Harusi ilikuwa Jumamosi iliyopita. Jumatatu asubuhi Khải na baba yake wakapanda milimani kununua utomvu wa msimu, kama kila mwaka, na walitarajiwa kurudi Jumapili.

"Yaani umekaa na mkwe wako siku sita tu, ushajua ni jasusi," Ngoan alisema. "Mimi polisi miaka ishirini na saba bado najifunza."

"Njoo uone kwanza, ndipo ucheke."

Walishuka ngazi nne hadi chumba cha unyevu. Utomvu wetu hauanikwi juani. Hukauka kwenye giza na majimaji, mikeka mibichi imetundikwa ukutani, mlango umefungwa. Juu ya rafu ya mianzi palikuwa na sinia la matunda la madhabahu, jekundu, la duara, la mguu mmoja. Ngoan aliwasha tochi, hakuimulika kutoka juu, aliilaza ubavuni ili mwanga utambae juu ya utomvu. Hapo akaiona. Alama ya kiganja cha kulia, katikati kabisa ya sinia, vidole vitano vimetandazwa.

"Uliikuta lini?"

"Jumanne alfajiri. Baba Khải alilipaka tabaka la mwisho Jumatatu kabla ya kuondoka. Jumatatu jioni niliufunga mlango mwenyewe."

"Kwa kufuli?"

"Kwa kamba. Nani hapa anafunga utomvu kwa kufuli?"

Ngoan alitoa uzi mfukoni, akaupima kutoka kifundo cha alama hadi ncha ya kidole cha kati, akafunga fundo. Akapima upana, akafunga fundo la pili. Kisha akainama mpaka pua ikakaribia utomvu. Alikaa hivyo muda, Thoa akaanza kukohoa kwa kukosa subira.

Mambo mawili yalimsimamisha. La kwanza, mkono haukuteleza. Mtu aliyeingia kwa wizi, akashtuka, mkono wake huburuza. Huu uliwekwa polepole, ukaachwa, ukatolewa polepole. La pili, alama haikuwa na mistari. Si ya kiganja, si ya ncha za vidole. Ilikuwa laini kama kiganja cha sanamu.

"Nyoosha mkono wako, Thoa."

"Wangu wa nini?"

"Polisi hachagui."

Thoa alinyoosha. Kiganja chake kilikuwa kipana, na mistari imejaa weusi wa utomvu kama mitaro ya shamba. Ngoan akauandika mkono huo, akaufuta kwenye orodha.

"Sasa niambie kwa nini unasema ni Sương."

"Kwa sababu utomvu wenyewe umemtaja." Thoa alipunguza sauti, ingawa chumbani hakuwamo mtu mwingine. "Unaijua mila yetu. Chombo kikiguswa kikiwa kibichi hatugombani, hatuulizani. Tunangoja siku tatu. Aliyegusa, utomvu utamla. Nami nikangoja. Jumatano asubuhi Sương akaamka jicho limevimba. Jana likafunga kabisa."

Ngoan aliijua mila hiyo. Kwetu husemwa utomvu hula kwa kuchagua sura, na mzimu hushika kwa kuchagua mtu. Wako watu wakipita tu mbele ya pipa la utomvu wanavimba uso, na wako wanaotumbukiza mkono wasipate hata upele.

"Na ujasusi unaingiaje?"

"Ngoan, wewe umezaliwa hapa. Utomvu unamla mgeni?"

Jibu walilijua wote wawili. Utomvu hauli mgeni siku za kwanza. Mfanyakazi mpya huchezea utomvu wiki mbili, tatu, anacheka, anajiona yeye ndiye mwamba. Kisha siku moja anaamka uso kama boga. Hula aliyekwisha kuamkiana nao.

"Anasema hajawahi kuuona utomvu maishani mwake," Thoa aliendelea. "Siku ya nne tu hapa, umemla. Basi aliamkiana nao wapi? Kwenye karakana ya nani? Wenye karakana nyingine wametaka siri ya rangi nyekundu ya marehemu baba mkwe miaka kumi hawakuipata, sasa wameleta msichana mwenye vishimo mashavuni."

Hoja ilikuwa nzuri. Ngoan aliiandika yote.

"Nani mwingine anayeingia humu?"

"Mimi, yeye, na bibi, mama mkwe wangu. Halafu kuna Vãng, aliacha kazi mwezi uliopita kwa hasira. Anajua kufungua kamba hiyo kama alivyojua kufungua sufuria yangu ya wali."

"Vãng nitamwona. Na bibi nitamuuliza."

Thoa akamshika mkono. "Bibi hapana. Sinia hili alilianza mumewe. Mbao alichonga yeye, kitambaa na udongo wa chini alipaka yeye, kifo kikamkuta hapo. Jumatatu mwaka unatimia, sinia linakwenda mbele ya picha yake. Bibi hajui kama limeharibika. Nimemficha, na Sương nimemwambia ole wake afungue mdomo. Tutalisugua, tutalipaka upya, hatajua. Ukimwambia, utamuua kabla ya siku yake."

Ngoan aliandika: Bibi Nhượng, miaka themanini na moja, hajahojiwa. Akapiga mstari chini.

Sương alikuwa chumba cha nyuma, amekaa kitandani, na Bibi Nhượng amekaa mbele yake na beseni la maji ya majani ya mbirimbi yaliyochemshwa. Bibi alikuwa anachovya kitambaa, anakamua, anamkanda binti shavuni, pole, kama mtu anayepangusa yai.

"Ngoan," bibi alisema bila kugeuka, "nimekujua kwa kishindo. Umenenepa. Serikali inakulisha."

"Inanilisha maneno tu, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Huyu usimsumbue, jicho linamwasha. Mkwe wangu wa kwanza kulia bila sauti. Thoa alipokuja hapa alilia mpaka bata wakahama."

Sương alitaka kucheka, shavu likamuuma, akaacha.

Bibi alipoinuka kwenda kuongeza maji ya moto, Ngoan alivuta kigoda akakaa karibu.

"Mwanangu, mimi ni shangazi Ngoan. Mama mkwe wako ameniita."

"Najua, shangazi. Sikuingia chumba kile. Nimesema mpaka nimechoka."

"Sijakuuliza hilo. Geuka nuru ikupate."

Ngoan akautazama uso ule kama alivyolitazama sinia. Jicho la kushoto limefunga. Shavu la kushoto limetoka malengelenge madogo, shingo upande wa kushoto pia, na ndani ya mkono wa kushoto, kutoka kiwiko hadi kifundo. Upande wa kulia ulikuwa msafi, msichana mzuri, na kishimo chake shavuni.

"Leta mkono wa kulia. Tenganisha vidole."

Aliyeweka mkono wa kulia kwenye utomvu mbichi, na ni mtu wa kuliwa, huanza kuliwa katikati ya vidole na kwenye kifundo, ngozi ilipo nyembamba. Vidole vya kulia vya Sương vilikuwa salama. Tena kiganja kilikuwa na mistari mingi, ya kumtosha mpiga ramli. Ngoan akaunyoosha uzi wake. Mkono wa msichana ulizidi fundo la kwanza kwa upana wa kidole.

"Unalala ubavu gani, mwanangu?"

"Wa kushoto."

"Unalalia nini?"

Sương aliutazama mto. Upande mzima wa uso ukaiva wekundu, ukakaribia kufanana na ule uliovimba.

"Shangazi, hilo nalo litaandikwa?"

"Inategemea."

Binti aliingiza mkono chini ya mto, akatoa shati. Shati la kazi la mwanamume, la buluu, limekunjwa mara nne. Ngoan alilifungua. Kifuani na kwenye mkono kulikuwa na madoa ya utomvu, mengine yamekauka, mengine yakibonyezwa bado yananata.

"La Khải?"

"Mama aliniambia nilifue Jumatatu. Sikulifua."

"Kwa nini?"

"Lina harufu yake," Sương alisema, akaficha upande mzima wa uso kwa kiganja. "Alikaa siku mbili tu baada ya harusi, shangazi. Siku mbili."

Ngoan alilitia shati kwenye mfuko wa nailoni, akafunga. Akaandika: shati moja la kazi, madoa mabichi, chini ya mto. Kwa nini liliwekwa pale hakuandika.

Sasa alijua utomvu ulimpata wapi. Lakini hoja ya Thoa ilikuwa bado imesimama na miguu yake miwili: iwe shati, iwe sinia, mgeni haliwi siku ya nne. Ngoan alikuwa bado ameushika ule mkono wa kulia. Akaugeuza kwenye nuru. Kwenye ncha za kidole gumba na cha shahada palikuwa na makovu madogo meusi, ya zamani, kama cheche zilizozimika.

"Haya umeyapata wapi?"

"Haya? Ya korosho, shangazi. Kwetu tunabangua korosho. Nimeanza nikiwa na miaka kumi. Ukipasua ganda, mafuta yake yanaruka, yanaunguza. Kila mtoto wa kwetu anayo."

"Na uso, ulikuwa unavimba?"

"Msimu ukianza, ndiyo. Mama alikuwa ananipaka unga wa mchele." Akamtazama Ngoan kwa jicho lake moja. "Lakini hiyo ni korosho, shangazi. Si utomvu."

Saa nne Ngoan alikuwa kwenye kibanda cha supu ya tambi karibu na zahanati. Alijua atawakuta watu wake wote wawili pale. Vãng alikuwa meza ya nje, anapuliza supu. Daktari Tạo wa zahanati, kijana wa miaka thelathini, alikuwa meza ya pili anasoma simu.

"Vãng, weka vijiti vya kulia chini. Nipe mkono wa kulia."

"Unanichumbia hadharani, dada Ngoan?"

"Mke wako akikuacha nitafikiri."

Kiganja cha Vãng kilikuwa laini, hakina mstari hata mmoja. Ngoan alidhani amempata, aliniambia. Lakini alipouweka uzi, kidole cha kati cha Vãng kilipita fundo kwa pingili nzima, na upana vivyo hivyo. Alijaribu mara mbili.

"Mkono wako umefanyaje kukosa mistari?"

"Kwa kusugua. Wasuguaji wote tuko hivi. Tabaka la mwisho husuguliwa kwa kiganja kitupu, mpaka utomvu ung'ae kama jicho la samaki. Miaka ishirini, mistari imekwenda. Hata benki walikataa alama yangu ya kidole." Alikunywa supu. "Thoa ameniita mwizi?"

"Amesema unajua kufungua sufuria."

"Hilo kweli."

"Nyumbani kwa Thoa nani mwingine ni msuguaji?"

"Baba Khải hupaka, Thoa hupaka, Khải anachora. Nilikuwa mimi." Vãng akawaza, kijiti hewani. "Na aliyenifundisha, lakini ameacha siku nyingi. Bibi Nhượng. Mikono yake midogo, usiidharau. Alikuwa akikupiga kofi la mgongo unajiona umesuguliwa."

Ngoan akaagiza supu, akahamia meza ya daktari.

"Daktari, nina swali la kijinga."

"Shangazi, maswali yako ya kijinga ndiyo huniharibia siku. Uliza."

"Mtu aliyeishi na mafuta ya korosho miaka kumi na mbili, hajawahi kukutana na utomvu wetu. Utomvu unaweza kumla siku ya kwanza?"

Tạo aliweka simu chini. Akalivuta bakuli lake la supu katikati ya meza, akaonyesha kwa kijiti.

"Unaona vipande vya nyama, unaona na mafuta yanayoelea. Sasa, kwenye ngozi yetu kuna seli za ulinzi. Zikikamata kitu kigeni zinakinyanyua juu, zinawaonyesha askari wa mwili: huyu mnamjua? Zinakinyanyua kwa vibakuli vidogo, vidogo mno havionekani. Vibakuli vya ukoo wenye sifa ndivyo hospitali wanavyovipima kabla ya kumpa mtu figo ya mwenzake. Hivyo hutofautiana mtu na mtu, na hushika nyama nyama, vipande vya protini. Lakini ukoo huo una ndugu wengine wasiotajwa. Karibu kila mtu amezaliwa navyo vya namna moja. Kibakuli chao kina shimo refu, jembamba, la kushika mafuta. Hiki cha ngozi vitabuni wamekiita kwa herufi na namba, CD1a."

"Na utomvu?"

"Utomvu ni mafuta, shangazi. Mafuta ya ganda la korosho ni binamu yake wa damu. Hukaa kwenye kibakuli hicho hicho. Askari waliokariri sura ya korosho tangu utotoni, ukiwaonyesha utomvu watasema, huyu yule yule, piga."

"Kwa hiyo aliamkiana nao kwao, kwa jina la binamu."

"Umesema vizuri kuliko mwalimu wangu." Akanywa kidogo. "Mgeni halisi askari wake huchukua siku kumi, kumi na nne, kujifunza. Mila yenu hapo haikukosea. Imekosea kudhani njia ya kujifunza ni moja."

"Swali la pili. Mtu aliyeshika utomvu miaka sitini. Akiweka kiganja kizima kwenye utomvu mbichi?"

"Huenda asipate kitu. Kwa baadhi yao askari huzoea, na wako askari wasuluhishi, kazi yao kuwatuliza wenzao. Si wote, na mengine hatujayajua bado. Lakini wako."

"Basi mkingoja siku tatu muone nani ameliwa, mtu huyo hamtampata kamwe."

"Kamwe. Utomvu hautaji aliyegusa. Unamtaja ambaye askari wake wanakumbuka." Tạo akamwangalia. "Shangazi, supu yako inapoa."

Ilikuwa saa tano na nusu Ngoan aliporudi. Uani kulikuwa na sanduku dogo la Sương, limefungwa kwa kamba ya nailoni. Thoa alikuwa analiinua kulipeleka mlangoni.

"Weka chini, Thoa. Bado."

"Nimekwambia basi ni saa nane."

"Nami nakwambia bado mtu mmoja hajahojiwa."

Thoa alielewa, akaliweka sanduku chini. "Ngoan, nakuomba."

"Njoo usikie. Usiseme neno."

Bibi Nhượng alikuwa jikoni, amekaa kwenye kigoda chake, anakoroga uji wa mchele. Sương alikuwa karibu naye anachambua majani ya vitunguu kwa jicho moja. Ngoan alichuchumaa, akauchukua mkono wa kulia wa bibi kama mtu anayetaka kuupasha moto. Ulikuwa mdogo, mkavu, laini kote. Uzi haukuwa na kazi tena, lakini utaratibu ni utaratibu, akaunyoosha. Fundo la kwanza likakaa. La pili likakaa.

"Unanipima kitambaa?" bibi aliuliza.

"Bibi, Jumatatu jioni uliingia chumba cha unyevu?"

"Niliingia." Alisema kama mtu aliyeulizwa kama amekula. "Kuna nini?"

Thoa, mlangoni, akapiga hatua moja ndani.

"Uliligusa sinia."

"Nililigusa. Miaka hamsini na tisa mimi ndiye niliyekuwa nampimia mzee. Akimaliza kupaka, ananiita: njoo wewe, mkono wako hauliwi. Nagusa ukingoni kwa kidole. Utomvu ukinata, bado. Ukiachia, tayari." Akakoroga uji. "Jumatatu hakuna aliyeniita. Nikajiita mwenyewe. Nilitaka kugusa ukingoni tu, kama siku zote. Halafu nikaona hii ndiyo kazi yake ya mwisho, baada ya hapa hakuna nitakachompimia tena. Nikaweka mkono wote. Ulikuwa bado mbichi, ukanishika." Alikoroga tena. "Mwaka mzima hakuna aliyenishika mkono vile. Sikuutoa upesi."

Bibi akapunguza moto chini ya uji.

"Najua nimeharibu tabaka," bibi alisema. "Nikasema mwanangu atalisugua, kwani ni mara ya kwanza? Lakini hakuna aliyesema kitu. Nikadhani alama imejifunga yenyewe."

"Mama," Thoa alisema, "kwa nini hukusema?"

"Mmeniuliza?"

Bibi aliwatazama mmoja mmoja, akamwona Ngoan na daftari, akaliona sanduku kule uani, akaliona jicho la Sương. Akili yake haikuwa na kutu. Ilimchukua muda wa kuweka mwiko chini.

"Lile sanduku ni la nani?"

Thoa akatazama uani.

"Thoa. Nimekuuliza."

"La Sương, mama. Nilidhani yeye ndiye aliyegusa. Utomvu umemla."

"Utomvu umemla kwa sababu ya shati la Khải lisilofuliwa," Ngoan alisema, "na kwa sababu amekua kwenye korosho, ambayo mafuta yake ni binamu wa utomvu. Daktari amenieleza. Hakuwa kwenye karakana ya mtu. Alikuwa kwao, anabangua korosho tangu ana miaka kumi." Kuhusu shati hakuongeza, na Sương akamshukuru kwa kuinamisha kichwa.

Thoa alikaa chini kwenye kizingiti, akafunika uso kwa mikono yake myeusi. Alipoiondoa alizungumza na sakafu.

"Hata kama. Nyumba hii ni utomvu kuanzia mlangoni mpaka mtoni. Binti anayeliwa namna hii ataishije hapa? Nimpeleke kwao aliwe na korosho, au nimweke hapa aliwe na sisi?"

Lilikuwa swali la haki.

"Mwaka wangu wa kwanza," bibi alisema, "mimi niliolewa hapa nikitoka kwenye mashamba ya mulberi, ya kulishia viwavi wa hariri. Mwezi wa pili utomvu ulinila mpaka sikuona wiki mbili. Macho yote mawili. Mama mkwe wangu alikuwa ananilisha uji kwa kijiko, ananiambia, vumilia, haukujui tu. Akaninyima kazi ya utomvu mwaka mzima. Nilikuwa nachoma maganda ya mayai na kuyachagua, ya nakshi nyeupe. Wewe Thoa hukuliwa, ndiyo maana hujui."

"Daktari anasema si wote wanaozoea, bibi," Ngoan alisema. Hakutaka kudanganya hata kwa wema.

"Asipozoea atachagua maganda maisha yake yote. Kwani ni aibu?" Bibi akamgeukia Sương. "Wewe unataka nini, mwanangu? Umesemwa wiki nzima, hujasema wewe."

Sương aliweka majani ya vitunguu chini, moja baada ya jingine.

"Nataka kuwapo Khải akirudi," alisema. "Mengine sijayafikiria."

Thoa aliinuka. Alikwenda uani, akafungua kamba ya sanduku kwa meno, akalirudisha ndani. Walimsikia akipiga simu. "Yule abiria wa saa nane haendi. Hapana, hakubadili mawazo yeye. Nimebadili mimi." Aliporudi alinawa mikono mara tatu kwa majivu na mafuta, akavaa glovu za kuoshea vyombo, akachota uji, akakaa mbele ya Sương. Samahani hakusema. Alipuliza kijiko, akakionja kwa midomo kama kina moto, akakipeleka.

"Fungua mdomo. Jicho moja utamwaga."

"Naweza kula mwenyewe, mama."

"Najua unaweza."

Sương akafungua mdomo.

Baada ya chakula joto lilikuwa limekaa juu ya kijiji, na kama kila mtu wa hapa walitandika mkeka sebuleni mbali na karakana, mlango wa mbele wazi kuvuta upepo wa bwawa. Ngoan alitaka kuondoka. Bibi akamwambia polisi naye ana mgongo, ajinyooshe. Akatii.

Alifungua daftari akaandika: Alama ni ya mwenye nyumba. Hakuna kosa. Akafikiri, akafuta neno alama, akaandika mkono.

Bibi Nhượng alikuwa wa kwanza kulala, kinywa wazi kidogo, kiganja chake laini kimeangalia dari. Sương alilala ubavu wa kulia, mara ya kwanza tangu aolewe, na pumzi yake ikawa ndefu. Thoa alikaa kichwani kwake na kipepeo cha majani ya mnazi, anampepea jicho lile lililofunga, anawafukuza inzi ambao hawakuwapo. Kipepeo kikaenda, kikarudi, kikachelewa, kikaanguka juu ya bega la msichana, na Thoa akainama usingizini kando yake vivyo hivyo, glovu bado mkononi.

Ngoan aliwatazama wote watatu. Alinyoosha mkono, akakiokota kipepeo, akawapepea kidogo kwa zamu, mmoja mmoja, mpaka mkono wake nao ukawa mzito, na akalala.